Wimbo Uliokwama Kwenye Redio ya Gari

Juzi tumemzika Kabula huko Majita, kwao mumewe, kwenye shamba linaloteremka hadi majini, na kwaya yetu ikamwimbia ule wimbo ambao kila mtu anauita "Nipo Hapa". Nasema kwaya yetu, ingawa nusu yetu sasa tuna vipara na nusu nyingine wana magoti yanayolia kama bawaba za mlango wa stoo. Watu walilia mpaka nikadhani ziwa litajaa. Mama mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Aliyeutunga huu wimbo alishukiwa, si bure." Mwenzake akajibu huku anapenga kamasi, "Wa zamani hao, mama, walikuwa wanafunga na kukesha." Mimi nilikuwa naimba besi, na besi yangu ikapotea palepale kama umeme wa Igoma. Wimbo ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulishuka kutoka kwenye meli ya magari bandarini Dar es Salaam, ukapandishwa hadi Mwanza, ukakaa juu ya mawe mwaka mzima. Na aliyeutilia maneno hakuwa amefunga hata kidogo. Alikuwa ameshiba michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Aliyeutilia maneno ni mimi.

Tulipomaliza kutupia udongo, Masatu, mumewe Kabula, alinijia nikiwa nanawa mikono, akanishika kiwiko. "Shemeji," akasema, "kabla hujala, njoo huku nyuma ya nyumba." Nilimfuata. Nitafika huko nyuma ya nyumba, msiwe na haraka. Lazima kwanza niueleze mwaka wenyewe, kwa sababu bila mwaka ule, nilichokikuta huko nyuma ni chuma chakavu tu. Habari za ukoo wangu ziacheni. Ni nyingi, na hazina wimbo.

Mwaka ule nilikuwa fundi umeme wa magari kwa Mzee Sospeta, Igoma, kwenye uwanja ulioegemea jiwe kubwa kama kanisa la ghorofa. Mchana nilishika nyaya, jioni nilishika kalamu, maana nilikuwa nasoma masomo ya jioni ili nirudie mtihani wa kidato cha nne, ambao mara ya kwanza ulinikataa kwa kishindo kilichosikika hadi Ukerewe. Nilikuwa kijana wa maneno. Niliweza kuongea na trafiki akasahau kosa, niliweza kuongea na mteja mwenye hasira akaondoka amenunua na taa ya ukungu. Mzee Sospeta alikuwa akisema, "Magesa, wewe ukifa mdomo utazikwa kesho yake." Na gereji nzima ilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye mbele yake mdomo huo ulipiga shoti.

Kwenye kona ya uwanja, chini ya jiwe, kulikuwa na gari dogo jeupe la Kijapani. Gia yake ya otomatiki ilikuwa imegoma likiwa njiani kutoka Dar. Mwenyewe, mfanyabiashara wa nyavu kutoka upande wa Musoma, alikuwa ameagiza kifaa, na kifaa kilikuwa kinakuja kwa mwendo wa konokono aliyelewa. Tukatoa magurudumu tukayafungia stoo yasiibwe, tukaliketisha gari juu ya mawe. Redio yake ilinipa kazi ya kichwa. Haikuwa ya kaseti wala ya CD. Ilikuwa na mwanya mwembamba unaomeza kisahani kidogo kilichofungwa ndani ya gamba la plastiki, kitu ambacho Wajapani walikipenda miaka ile na sisi hatukuwa tumewahi kukiona. Kimoja kilikuwa kimekwama humo. Nilibonyeza kila kitufe, nikapuliza, nikatikisa, nikatukana kwa Kijita na Kisukuma, hakikutoka. Na stesheni zetu hakikamati hata moja kile chombo, kwa sababu masafa ya redio za kwao ni ya chini kuliko yetu. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na uwezo wa kusema jambo moja tu hapa duniani. Ukiliunganisha na betri na kubonyeza kitufe cha kati, mwanamke wa Kijapani anaanza kuimba.

Nyimbo zilikuwa kadhaa, na zote ni kama zililia kwenye leso moja, lakini wa tatu ndio ulioniua. Kinanda kinaanza polepole, kama mtu anayepanda ngazi peku asiwaamshe wenye nyumba. Sauti inaingia ndogo. Halafu kwenye kiitikio inafunguka, na wakati ule jiwe letu la Igoma liliirudisha ile sauti uwanjani mpaka wachomeleaji walizima mashine zao wakasikiliza. Kisha, unapongoja kiitikio kirudi mara ya mwisho, hakirudi. Mwanamke ananyamaza. Kinanda kinashuka zile ngazi peke yake, basi.

Kabula alikuja gereji kwa mara ya kwanza akiwa ametumwa. Alikuwa anafundisha chekechea pale Igoma na alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu, yule ambaye akishika noti watu wa viti vya nyuma wanajikuta wameketi vizuri. Mimi nilikuwa nimekosa mazoezi kwa sababu ya shule ya jioni. Alisimama karibu na tairi bovu, mkoba begani, chaki bado vidoleni. "Wewe besi," akasema, "Mwalimu Kulwa anauliza kama umehama dhehebu."

"Mwambie nimehamia hesabu."

"Na hesabu zimekupokea?"

"Zinaniangalia kwanza."

Akacheka, kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa kiganja, halafu akakiondoa kiganja na kugeuza kichwa. "Na huyo anayelia ndani ya gari ni nani?" Nikamfungulia mlango. Gereji haikuwa na chumba, viti vilikuwa ndoo zilizopinduliwa, lakini ndani ya gari lile kulikuwa na viti vya kitambaa safi, nailoni ya kusafirishia bado haijatolewa, na harufu ya mbali ya sabuni ya watu tusiowajua. Tukaketi kama watu wanaosafiri. Akatoa michembe na karanga kwenye mkoba, akaniwekea kwenye kiganja, akafumba macho. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio alishika kile kishikio cha juu ya mlango, kana kwamba gari linakata kona. "Anasemaje?" akaniuliza.

"Sijui."

"Huyu anaomba," akasema Kabula. "Sikiliza hapo anapopanda. Mtu hapandi hivyo kama haombi."

Tangu siku hiyo tulisafiri sana katika gari lile lisilo na magurudumu. Alikuja akitoka kazini, kabla sijaenda darasani, wakati jua limeegemea jiwe na Mzee Sospeta amelala chini ya lori akijidai anakagua springi. Tulikula michembe, mara nyingine dagaa waliokaangwa na chumvi kwenye karatasi, na tuliongea mambo ya watoto wake wa chekechea, nani kameza kifutio, nani kamwambia mwalimu mkuu kwamba anafanana na kambare. Nilimpenda kwa kiasi ambacho, kama mapenzi yangekuwa umeme, ningewasha Kanda ya Ziwa yote na wa kubaki nikawauzia Waganda. Na sikuweza kusema. Kila siku nilijiambia leo, leo kabla ya wimbo wa tatu. Wimbo wa tatu ukaanza, akashika kishikio, nikatafuna mchembe kama ng'ombe. Leo ninapoandika haya nina vijana wanaonifanyia kazi gereji yangu Mkolani, nao huandikiana mapenzi kwenye simu kabla chai haijapoa, na nikiwaangalia sijui kama niwahurumie au nijihurumie mimi.

Kabula ndiye aliyemleta Mwalimu Kulwa kuusikiliza. Mwalimu wetu wa kwaya alikuja na rekoda ya kaseti, akaibana kwenye spika, lakini tulipokwenda kusikiliza tulikuta nyundo, jogoo, na sauti ya Mzee Sospeta ikisema, "Mafuta ya breki hayanyweki, we mtoto wa mbuzi!" Basi ikabidi wimbo ukaririwe kichwani. Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo nadhani lingefanywa Mwanza tu. Kwetu wimbo mzuri hauruhusiwi kubaki nje ya kanisa. Ukisikika kwenye tangazo la sabuni, kwenye king'ora cha ambulansi, kwenye gari la Mjapani, kuna kwaya itaukamata na kuutilia maneno ya wokovu kabla ya Pasaka. Mwalimu Kulwa akasema maneno aandike Magesa, kwa kuwa Kiswahili changu cha shule ya jioni kilikuwa kinatisha. Kabula akanigeukia. "Andika, Magesa. Lakini andika kama anavyoimba yeye. Usituwekee mahubiri."

Niliandika kwenye gari, yeye akiwa pembeni akiniimbia lahani kwa la-la-la. Na kile ambacho sikuweza kukisema kwa mdomo kilitoka kama maji ya bomba lililopasuka:

Nipo hapa, pembeni yako nipo,
umepita, hujaniona;
nitangoja, hata kukichwa nipo,
siku moja utaniita.

Kabula alisoma mara mbili. "Ni mazuri mno," akasema taratibu. Nikaacha kutafuna. "Bwana anapita na mwenye dhambi anangoja. Kama yule kipofu wa njiani." Nikasema ndiyo, kipofu wa njiani. Ningesema nini? Mwalimu Kulwa alitaka tuondoe "hujaniona" kwa sababu Mungu anaona kila mtu, lakini Kabula akamkatalia, akasema mtu aliyekata tamaa haongei kama katekisimu. Wimbo ukapita ulivyo. Na kila Jumapili kuanzia siku ile, msichana niliyempenda alisimama mbele ya madhabahu, macho yamefumbwa, akaniimbia barua yangu mwenyewe mbele ya watu wote, na mimi nyuma yake kwenye mstari wa besi nikiitikia "nipo hapa, nipo hapa", na hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka. Watu waliokoka kwa wimbo ule. Mlevi mmoja wa Mabatini aliacha pombe kwa muda mrefu sana. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nazama.

Halafu akaja mwenye gari. Ilikuwa kiangazi, vumbi la Igoma limekaa hewani kama limepangishwa. Nilikuwa nimeinamia injini, boneti imefunguliwa, Kabula yuko ndani anaufuatisha wimbo kwa sauti kamili, maana alikuwa anajiandaa kwa tamasha la makanisa. Nikaona viatu vimesimama. Viatu visafi, vya mtu wa safari. Nikainua kichwa, kumbe ni Masatu, kijana mrefu, mtulivu, kofia mkononi kama yuko msibani. Nikataka kumsalimia, akaweka kidole kwenye midomo yake. Akasimama hivyohivyo nje ya gari lake mwenyewe, juani, mpaka kinanda kilipomaliza kushuka ngazi zake. Ndipo akaniuliza kwa kunong'ona, "Fundi, nani anaimba ndani ya gari langu?"

Mtu mwingine angesema, ni dada mmoja hivi wa kanisani. Lakini mimi mdomo wangu ukikuta nafasi ya kutia chumvi hauangalii nani atakula. "Huyo," nikasema kwa majivuno, kana kwamba nimemtengeneza mimi, "ni Kabula. Kutoka hapa mpaka Bukoba, kutoka Bukoba mpaka Kisumu, hakuna koo kama hilo. Na ana tabia, na anafundisha watoto, na anapika." Sikuwa nimewahi kuonja chakula chake zaidi ya michembe. Kabula akashuka akiona aibu. "Samahani, kaka, tumekalia gari lako."

"Endeleeni kulikalia," akasema Masatu. "Mimi nimelinunua lakini halijawahi kuniimbia."

Kabula akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Nilikiona kile kiganja. Nikarudi kwenye injini nikakaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

Hesabu za jioni tulifundishwa na Madamu Emiko, Mjapani wa kujitolea, mdogo kama kalamu, aliyekuwa anasema Kiswahili cha adabu kuliko sisi sote. Siku moja alinisikia napiga mluzi nikifuta ubao. Akasimama kama aliyeitwa jina la utotoni. "Magesa, huo wimbo umeupata wapi?" Kesho yake, jua halijatua, alikuwa ameketi kwenye gari letu juu ya mawe, mikono juu ya magoti. Mwanzoni alicheka kwa furaha. Akasema wimbo huu ulikuwa unapigwa kwenye kila duka alipokuwa msichana, na kila msichana alidhani ni wake. Kisha akafumba macho mpaka kinanda kikaisha.

"Madamu, anaomba?" nikamuuliza.

"Haombi," akasema. "Ni msichana. Kila asubuhi anapanda treni moja na kijana mmoja. Anajua mwavuli wake, anajua kikohozi chake, anajua akiwa amelala vibaya. Kijana hajui hata jina lake. Kila siku msichana anasema, kesho nitamsalimia. Siku moja kijana anaingia na mchumba wake, treni imejaa. Msichana anasimama, anawapisha kiti wakae wawili."

"Halafu?"

"Halafu kinanda."

"Hakuna beti nyingine?"

"Hakuna, Magesa. Kwetu nyimbo za namna hii ni nyingi sana. Kupenda kwa upande mmoja. Watu wanaziimba kwa pamoja wakiwa wamekunywa, wanalia, kesho wanarudi kazini." Akaniangalia vile alivyokuwa akiangalia hesabu zangu, akitafuta mahali nilipokosea. "Ni yule dada mwenye chaki vidoleni niliyepishana naye hapo nje, sivyo? Mwambie. Usiwe kama huyu wa kwenye redio."

Kwetu mtu haendi mwenyewe nyumbani kwa binti kujisemea. Unatafuta mtu mzima mwenye heshima awe mshenga, apeleke neno kwa wazazi. Jumamosi iliyofuata nilivaa shati langu la mtihani, nikaenda kwa Mwalimu Kulwa. Mama Kulwa alinikaribisha sebuleni, kwenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma kila mahali hadi kwenye redio, akaniletea chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha. "Mwalimu ana mgeni uani, anakuja sasa hivi." Nikaketi. Nilikuwa nimeshaikariri hotuba yangu, ina utangulizi, kiini na hitimisho. Dirisha la uani lilikuwa wazi, na sauti ya mgeni ilikuwa ya shangazi yake Kabula, mwanamke ambaye hata akinong'ona kuku wanatawanyika.

"Wamekuja na wazee wake," alikuwa anasema, "wamekaa vizuri, hawana maneno mengi. Na mtoto mwenyewe nimemuuliza."

"Amesemaje?" Hiyo sauti ya Mwalimu Kulwa.

"Amecheka."

"Kucheka si jibu, shangazi."

"Kwa Kabula ni jibu. Ameniambia huyo bwana alimkuta anaimba ndani ya gari lake, akasimama juani mpaka wimbo ukaisha, ndipo akasalimia. Mwanaume anayengoja wimbo uishe, mwalimu! Siku hizi unampata wapi?"

Muhogo ulikuwa mdomoni. Sikuweza kuumeza wala kuutema. Nilikuwa nimengoja nyimbo nyingi ziishe kuliko mwanaume yeyote wa Kanda ya Ziwa, lakini mimi nilikuwa nangojea ndani ya gari, na nadhani aliyeko ndani haonekani. Mwalimu Kulwa akaingia anafuta mikono, uso unang'aa. "Aa, Magesa! Mungu amekuleta. Kuna habari njema ya Kabula, na kwaya ndiyo itakayomsindikiza. Enhe, ulikuwa na shida gani?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Shida gani?"

"Nilikuja kuuliza," nikasema, "kama mazoezi ya Alhamisi yapo."

Kifaa kikafika. Konokono alipoona kuna harusi akapanda ndege. Masatu alikileta mwenyewe, akataka gari liwe tayari, maana ndilo la kumchukulia bibi harusi. Nitasema jinsi ilivyokuwa. Nyuma ya kile kifaa kuna waya mmoja mwembamba wa ardhi, na waya huo ukiachwa umelegea gari linatembea vizuri mpaka likutane na shimo, halafu linazima. Niliushika waya ule kwa muda mrefu, wenzangu wamekwenda kula. Kisha nikaukaza mpaka koleo likaacha alama kwenye nati yake na kwenye kidole changu. Msinisifu. Niliwaza tu kwamba kama gari hili ni la kumpeleka huko anakokwenda, lisije likamwacha njiani.

Lakini mdomo wangu haukuwa umemalizana nami. Mwaka mzima nilikuwa nimejigamba pale gereji kwamba gari lile linanijua mimi tu, kwamba fundi mwingine akiligusa linanuna. Masatu alikuwa ameyasikia. "Basi, fundi," akasema, "siku yenyewe utakaa mbele, pembeni ya dereva. Likizima pale Mabatini na bibi harusi ndani, uso wangu nitauweka wapi?" Mzee Sospeta akapiga makofi. "Umesema kweli! Bila Magesa gari hilo ni kabati!" Na mimi nikacheka kuliko wote.

Ndivyo nilivyokaa kiti cha mbele kwenye harusi ya Kabula, ua la plastiki kifuani, riboni zikipigapiga kioo. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma yetu msururu wa magari yakipiga honi mpaka ng'ombe wa Kisesa walijua. Yeye na Masatu nyuma. Sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa na kioo cha pembeni tu, nacho kilinionyesha barabara ya Musoma ikirudi nyuma na watoto wakiikimbilia. Tulipopita gereji, jiwe letu likaonekana, na mahali palipokuwa na gari palikuwa na mawe matupu. Kabula akasema, "Magesa, tuwekee ule wetu."

Nikabonyeza kitufe. Kinanda kikapanda ngazi. Mwanamke wa Kijapani akaanza kuongea habari za treni yake, na juu yake Kabula akaanza kuimba maneno yangu, shela imekunjwa magotini, kama siku zote za michembe. Mmoja alikuwa anasimama kuwapisha wenzake kiti, mwingine anasema nipo hapa, pembeni yako nipo, na gari zima ni mimi tu niliyesikia maneno ya wote wawili. Kwenye kiitikio nikahisi vidole vinanigonga begani. "Besi iko wapi, Magesa? Mbona umenitupa?"

Nikaimba besi. Nipo hapa, nipo hapa, mpaka kwenye mlango wa ukumbi, na gari halikuzima hata mara moja.

Mtihani nilifaulu. Watu hawaamini, lakini nilifaulu hata hesabu, kwa sababu baada ya hapo sikuwa na mahali pengine pa kukaa jioni. Madamu Emiko alirudi kwao. Nikaoa mwanamke mwema anayenicheka inavyostahili. Wimbo wenyewe nimeutafuta mtandaoni kwa kuuimbia simu, simu ikaniletea tangazo la dawa ya meno. Na Majita sikukanyaga hata siku moja, ingawa salamu zilikuja kila Krismasi: mwambieni besi kwetu si mbali.

Juzi ndiyo nimefika. Na huko nyuma ya nyumba, Masatu aliponipeleka, gari lilikuwa limekaa juu ya mawe. Rangi imebabuka, kuku wametaga chini yake, lakini vioo vilikuwa safi kana kwamba vimefutwa asubuhi ile. "Liligoma zamani," akasema. "Nilitaka kuwauzia watu wa chuma chakavu, akakataa. Akasema ni sebule yake. Jioni akitoka shuleni anakuja humu, ananiomba betri, anasikiliza. Alipougua, tulikuwa tunambeba." Akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Betri yangu imekufa wiki ileile alipozidiwa. Tangu hapo sijausikia. Wewe ni fundi, shemeji."

Nikaenda kwenye Kosta, basi lililotuleta. Dereva alikuwa kwenye foleni ya wali. Kosta inatumia betri mbili, nikachomoa moja, nikaibeba kifuani kama mtoto nikazunguka nyumba. Niliposhika nyaya niliona ule mwembamba wa ardhi, bado umekazwa, alama ya koleo langu ikiwa palepale. Masatu akafungua mlango wa nyuma akakaa upande aliokaa siku ya harusi, akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Mimi nikajikuta nimekaa mbele. Nikabonyeza, nikapeleka wimbo wa tatu. Sauti ilikuwa imechoka, inakatika hapa na pale, lakini ni yeye.

"Nilimuuliza miaka yote maana yake," Masatu akasema kutoka nyuma. "Ya Kijapani, si ile ya kwaya. Akawa ananiambia, muulize Magesa. Ndiye anayeujua. Wewe nawe huji. Anasemaje, shemeji?"

Maneno ya kanisani nilikuwa nayo mdomoni, yamejipanga, kipofu wa njiani na kila kitu. Ningeweza kumtia chumvi mpaka akashiba. "Kuna mtu anapanda treni kila siku na mtu anayempenda," nikasema. "Na huyo anayependwa hajui."

"Hajui kabisa?"

"Wimbo hausemi."

"Mwishoni je?"

"Mwishoni mwenzake anakuja na mchumba. Yeye anasimama, anawapisha wakae."

Kinanda kilikuwa kinashuka. Uani kwaya walikuwa wanaitana kula, na dereva alishaanza kupiga kelele kwamba Majita kuna wezi wa betri hata msibani. Tulikaa tukamsikiliza dereva na kinanda kwa pamoja mpaka kinanda kikaisha. Kisha nikahisi mkono begani, mahali palepale.

"Rudisha mwanzo," akasema Masatu.